Gari Lililolala Halikupumzika

Yako maneno mawili ambayo wauzaji wa magari yaliyotumika, hapa Mombasa na kwingineko nchini, huyataja kabla hawajataja hata rangi: kilomita chache. Gari likisemwa kuwa limetembea kidogo, mnunuzi hutabasamu na bei hupanda. Na muuzaji akitaka kuikamilisha sifa hiyo huongeza kwamba gari lenyewe lilikuwa limewekwa tu, limefunikwa turubali, mwenyewe hakuwa akilitumia.

Zamani sifa hiyo ilikuwa na maana. Wenye umri wangu wanazikumbuka Peugeot 504 na Datsun zilizokuwa zikikaa chini ya mwembe mwaka na zaidi. Siku ya kuamshwa ilipofika, fundi alitia betri mpya, akabadilisha mafuta ya injini, akasafisha kabureta, na kabla ya adhuhuri gari lilikuwa barabarani. Aliyelinunua alikuwa amepata.

Siku hizi, magari yanayotafutwa na wengi ni ya haibridi, yaani yale yanayokwenda kwa petroli na umeme pamoja. Na katika magari haya ile sifa ya kukaa imegeuka kuwa shutuma. Hoja yangu leo ni hii: kwa haibridi, kulala si kupumzika. Kulala ni kuchakaa kusikoonekana, na mtu anayeliuza gari lililolala muda mrefu bila kusema lililala tangu lini, amemficha mnunuzi kasoro kubwa kuliko zote.

Huenda msomaji akauliza, mambo ya betri yana nini na ukurasa wa utamaduni? Jawabu langu ni kuwa kuuza na kununua ni katika utamaduni wa Mswahili kama ilivyo harusi na matanga. Mji huu umejengwa kwa biashara, na aghalabu mtu hujulikana uungwana wake sokoni kabla hajajulikana msikitini. Kikija chombo kipya kinachobadilisha namna ya kudanganya na kudanganyika, yatupasa sisi tunaoandika tukitazame.

HAIBRIDI ZILIVYOTUJIA

Gari la kwanza la namna hii kuundwa kwa wingi lilikuwa Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani Disemba 1997. Aqua, ambalo ndilo dogo na linalopendwa zaidi na watu wetu, lilitoka Disemba 2011. Kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, magari hayo yalitufikia yakiwa tayari yana umri, yameshatumikia mabwana wengine ng'ambo.

Mwanzoni watu waliyaogopa. Mafundi wengi walikuwa wakiambia wateja wao wasiyaguse. Kilichowageuza watu si elimu, ni bei ya mafuta. Septemba 2023 lita moja ya petroli ilifika shilingi 211.64 mjini Nairobi, na mwezi uliofuata ikawa 217.36. Mwenye teksi ya kuitwa kwa simu, ambaye hesabu yake ya jioni ni mafuta kwanza na watoto baadaye, hakuwa na budi kutafuta gari linalokunywa kidogo.

Na kwa matumizi ya mjini gari hilo lina haki ya kusifiwa. Tazama foleni ya kivuko cha Likoni: magari ya kawaida yanachoma petroli yakiwa yamesimama, lakini haibridi huzima injini yake ikangoja kimya. Ikikanyagwa breki, ule mwendo unaozuiliwa hugeuzwa kuwa umeme ukarudi betrini. Kwa hiyo sisemi kwamba magari haya ni mabaya. Nasema yana tabia yao, na asiyeijua tabia ya mnyama asimnunue mnadani.

Sasa miaka imepita. Yale yaliyoingia nchini zamani yanauzwa kwa mara ya pili na ya tatu humu humu kwetu. Na katika hayo mna mengi ambayo hayakuuzwa yakiwa yanatembea, bali yaliuzwa yakiwa yamelala.

SABABU ZA KULALA

Gari halilali bila sababu, na ukizitazama sababu zenyewe utaona ni historia ya maisha yetu ya leo. Wako waliokwenda Ghuba au Ulaya kufanya kazi, wakaliacha gari kwa ndugu wakidhani watarudi baada ya miezi sita. Yako yaliyozuiliwa vituoni mwa polisi kuwa vielelezo vya kesi, yakaota majani hadi kwenye vioo. Yako yaliyokwama bandarini kwa kukosa kulipiwa ushuru, kwani Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu bidhaa ambazo hazikutolewa kwa wakati zipelekwe ghalani kisha zipigwe mnada. Na mwaka 2020, Mombasa ilipofungwa kuanzia Aprili hadi Julai kwa sababu ya Korona, magari ya watalii na ya makampuni yalikaa yakitazamana.

Sababu ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi: mirathi. Mtu akifa akaacha nyumba, nyumba hungoja. Akiacha shamba, minazi huendelea kuangusha nazi. Lakini akiacha haibridi, kila wiki ya mvutano kati ya warithi hupunguza kile wanachovutania.

NDANI YA MSETO

Baadhi ya watu huliita gari hili gari la mseto, na jina hilo nalipenda. Mseto kwetu ni wali uliopikwa na choroko, vitu viwili katika sufuria moja, kila kimoja kikisaidia chenziwe. Na kila mpishi ajua kuwa mseto ukilala bila kuangaliwa huchacha upesi kuliko wali mtupu.

Haibridi ina betri mbili. Moja ni ndogo, ya volti 12, kama ile ya gari lolote, ila aghalabu haiko chini ya boneti bali imefichwa nyuma, kwenye buti au chini ya kiti. Kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari, taa, vitasa na king'ora. Hata gari likiwa limezimwa, vitu hivyo huendelea kuinyonya kidogo kidogo, na gari lisipoguswa, wiki chache zatosha kuiua.

Ya pili ni kubwa, na ndiyo roho ya gari. Katika Aqua la kwanza betri hiyo ni mkusanyiko wa seli 120, kila moja ya volti 1.2, jumla volti 144. Katika Prius la kizazi cha pili na cha tatu seli ni 168, jumla volti 201.6. Seli hizo ni za madini ya nikeli, na nikeli ina tabia ya kuvuja nguvu yake yenyewe hata pasipo anayeitumia. Magari mengine, kama Honda Vezel za haibridi, hutumia betri za lithiamu ambazo huvuja polepole zaidi, lakini nazo hazipendi kuachwa zikauke.

Ubaya wenyewe si kuvuja tu. Ubaya ni kwamba seli hazivuji sawasawa. Hebu fikiria chombo cha wapiga makafi wengi: wote wakiwa na nguvu sawa, chombo huenda mrama kidogo tu, wawili watatu wakilegea, wenzao huvuta mzigo usio wao mpaka nao wakachoka. Gari linapotembea kila siku, kompyuta yake huilinda betri isijae mno wala isipungue mno, na seli hukaa karibu karibu. Gari likilala, hakuna anayezichunga. Yenye afya hubaki na kiasi, dhaifu hushuka mpaka chini, na ikishashuka sana huenda isirudi tena kama ilivyokuwa.

Hapa ndipo penye mtego. Muuzaji hununua betri mpya ndogo, ya bei nafuu, akaitia. Dashibodi yote inawaka, redio inaimba, vioo vinapanda na kushuka. Mnunuzi anafurahi akiona gari zima. Lakini haibridi za Toyota hazina stata ya kawaida. Injini huzungushwa na mota inayotegemea ile betri kubwa. Betri hiyo ikiwa imeshuka kupita kiasi, gari litakuwa na tangi lililojaa na injini isiyo na doa, na bado halitawaka. Wala zile waya za kuazimia moto kutoka gari jingine hazifai kitu, kwa kuwa zinafika kwenye betri ndogo tu.

Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani, Toyota nchini Uingereza iliwashauri wateja wenye haibridi waliwashe gari mpaka liwe tayari kutembea, waliache hivyo kwa muda wa kama saa moja, angalau mara moja kwa wiki. Hapo injini hujiwasha yenyewe kila betri inapohitaji, na betri zote mbili zikapata chakula. Bila shaka hili lafanywa mahali penye hewa, si ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wa gari unaua. Dawa ya kulihifadhi gari, kwa hiyo, ni saa moja na petroli kidogo. Tuiweke akilini hesabu hiyo.

CHOMBO KILICHOPANDISHWA PWANI

Watu wa kwetu hawapaswi kushangazwa na jambo hili, kwa sababu twalijua tangu zama za majahazi. Chombo cha mbao kikipandishwa mchangani kikaachwa juani misimu miwili, mbao zake hukauka, zikajikunja, na mianya ikafunguka baina yake. Kwa mbali ni chombo kile kile, na huenda kikapendeza kuliko kilicho kazini, kwa kuwa hakina tope wala magugu ya bahari. Kishushe majini uone. Hakuna nahodha aliyekinunua chombo cha namna hiyo bila kukikalafati upya kwa pamba na mafuta, na bei ya kalafati ilikatwa katika bei ya chombo.

Na kama jua na chumvi vilivyokuwa adui wa jahazi, ndivyo vilivyo adui wa betri. Joto letu huharakisha kuvuja kwa seli. Hewa yenye chumvi na unyevu huotesha kutu ya kijani kwenye vipande vya shaba vinavyoziunganisha. Vumbi huziba tundu karibu na kiti cha nyuma ambalo betri hupumulia kwa panka yake. Gari lililolala Nyali au Kilindini mwaka mmoja si sawa na lililolala mahali pa baridi muda huo huo.

Yaliyobaki ni ya gari lolote, nami nitayapita haraka: petroli iliyokaa hupoteza nguvu, diski za breki hushika kutu, tairi husinyaa upande uliokalia ardhi, na panya hawachagui kati ya waya wa Toyota na wa Honda.

YALIYOONEKANA TUDOR

Mwaka 2024 mjomba wangu, mdogo wa marehemu mamangu, alipata kiinua mgongo chake baada ya miaka mingi ya kazi za bandarini. Alitaka gari dogo la teksi, ampe kijana aendeshe, yeye apate cha mboga. Aliambiwa habari za Aqua moja katika mtaa wa Tudor: la 2015, liliingia nchini 2022, kilomita chache, bei nzuri. Akanitaka nifuatane naye, nami nikamwomba fundi mmoja kijana anayezijua haibridi atusindikize na mashine yake ya kusomea hitilafu.

Tulipokelewa na kijana wa marehemu mwenye gari, mpole mwenye adabu.

"Shikamoo ami. Karibuni. Gari ndilo hili, halina neno."

Fundi hakuifungua hata milango. Aliweka kiganja juu ya boneti.

"Limewashwa leo asubuhi?"

"Naam. Tulilitia moto lichangamke kabla hamjafika."

"Na kabla ya leo, liliwaka lini mara ya mwisho?"

Kijana alinyamaza, akatazama mlangoni. Mamake alikuwa amesimama pale, na ndiye aliyejibu.

"Wambie kweli, mwanangu. Halikuwaka tangu arubaini ya babako."

Ilikuwa miezi kumi na tisa.

Habari yote ikatoka baraza pale pale. Marehemu aliacha watoto wa mama wawili. Kila upande uliogopa kuwa upande wa pili utalitumia gari na kulichakaza. Ili pasiwe na lawama, ufunguo ulipewa mzee mmoja wa ukoo auweke amana mpaka mirathi igawanywe. Naye mzee aliuweka, wallahi hakuuchezea. Aliufungia kabatini na hakuna aliyeugusa.

Fundi aliunganisha mashine yake. Jozi moja ya seli ilikuwa chini ya wenziwe, na ya pili ilikuwa ikiifuata. Tukalipeleka gari hadi Mazeras, ambako njia inapanda, na mshale wa betri ukasema yale yale: ulijaa upesi kama kikombe kidogo, ukaisha upesi kabla kilima hakijaisha. Betri yenye afya haipandi na kushuka kwa pupa namna hiyo.

"Laweza kutengenezwa," alisema fundi. "Seli mbovu zitolewe, zilizobaki zichajiwe na kushushwa polepole mara kadhaa mpaka zilingane. Lakini sitawadanganya kuwa itakuwa mpya. Na ikifa, ile ya kununua upya yaingia malakini."

Mjomba alilinunua, lakini si kwa bei ile, wala si kwa maneno matupu. Iliandikwa karatasini kwamba gari lililala miezi kumi na tisa. Kwamba gharama ya kutengeneza betri imeondolewa katika bei. Na kwamba sehemu ya fedha itangoja mpaka gari litembee mwezi mzima. Ilipojumlishwa, warithi walipoteza kama robo ya walichotarajia, na mle mlikuwa na haki ya mtoto wa miaka tisa.

Nililolifikiri tukirudi nyumbani ni hili. Hakuna aliyeiba katika ukoo ule. Ufunguo ulihifadhiwa kama amana inavyotakiwa kuhifadhiwa, lakini amana yenyewe ilikuwa gari, si ufunguo. Kwa kuogopa kwamba mmoja atafaidi, wote wakakubali kwamba kiharibike. Na saa moja kwa wiki ingalitosha kuzuia hasara ile.

SHERIA INASEMAJE

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa mahakama zipo. Ni kweli, lakini tujue zinatulinda kiasi gani. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilifuata kigezo cha sheria ya Waingereza ya 1893, na msingi wake ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Kifungu cha 16 kinamtaka mfanyabiashara wa bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzika. Lakini mtu binafsi anayeuza gari lake moja si mfanyabiashara wa magari, hivyo sharti hilo halimshiki. Isitoshe, mnunuzi akishakikagua kitu, hawezi kulalamika baadaye kuhusu kasoro ambayo ukaguzi ule ulipasa kuionyesha. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha, na hiyo ni ngao nzuri mbele ya mwenye yadi. Hata hivyo, mtu aliyekaa kimya kuhusu usingizi wa gari atadai kwamba hakusema uongo wowote. Mita ya kilomita ilisema kweli.

Sisi tuliosomeshwa chuoni kabla ya kwenda skuli tulifundishwa kipimo kingine. Katika fiqhi ya biashara, mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwako kabla ya kuuziana naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha kitu. Tena tulisimuliwa jinsi Mtume alivyopita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ni mvua. Hakuulizwa kwa nini ilinyesha. Aliulizwa kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu, watu wakaiona.

Kwa maoni yangu, hakuna kisa kinacholingana na jambo letu kuliko hicho. Kilomita chache ni nafaka kavu iliyo juu. Miezi ya kulala ni ule unyevu ulio chini. Muuzaji halaumiwi kwa kufiwa, wala kwa kesi, wala kwa safari ya Ghuba iliyorefuka. Analaumiwa kwa kuiweka kavu juu. Na kipimo hiki hakihitaji mtu awe Mwislamu ndipo akielewe. Kila aliyewahi kununua kitu sokoni anakielewa.

LIFANYWE NINI

Kwa mnunuzi nasema: usiulize gari limetembea kiasi gani pekee, uliza liliwaka lini mara ya mwisho, na uliza kabla hujauliza bei. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, ulione likiamka mbele yako. Nenda na fundi mwenye mashine ya kusoma seli. Ujira wake ni mdogo ukilinganisha na hasara. Liendeshe nusu saa, na njia iwe na mwinuko. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Taka kumbukumbu za matengenezo, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Wala usiruhusu fundi wa kubahatisha aguse waya zile za rangi ya chungwa. Zinabeba umeme wa kuua.

Vilevile usikimbie kila gari lililolala. Mengine hufufuka vizuri, na mwenye kulinunua kwa bei ya haki, akijua anachokinunua, hakudhulumiwa. Kinachodhulumu ni bei ya gari zima kwa gari gonjwa.

Kwa wanaopiga mnada, wakiwa wa forodha, wa mahakama au wa benki, nasema watangaze siku ambayo kila haibridi iliingia ghalani, na wawaruhusu wanunuzi kuja na mafundi wao. Hii si hisani kwa mnunuzi peke yake. Gari lisilojulikana hali yake hununuliwa na walanguzi kwa bei ya kutupa, na fedha zinazopotea ni za umma na za wadaiwa.

Na kwa warithi na wazee wa koo, nasema mambo mawili, mchague moja. Ama gari liuzwe mapema kwa makubaliano, fedha ziwekwe benki zingoje hukumu, kwa kuwa fedha hazishiki kutu. Ama achaguliwe mtu mmoja mwaminifu, aliwashe kila wiki mbele ya shahidi, aandike daftarini, na petroli hiyo itoke katika mali ya marehemu. Kumfungia yatima haki yake kabatini si kumhifadhia.

Nami kwa kuwa ni mtu wa mashairi, naomba radhi niyafunge haya kwa beti mbili, moja ya mnunuzi na moja ya muuzaji:

Chombo muda kikilala, sema kinaharibika,
Usitazame jamala, na rangi ya kumulika,
Uliza tangu awala, siku kilipozimika,
Ndipo uzitoe hela, pasiwe kusikitika.

Muuza wacha ghafala, kombo halitafichika,
Lieleze bila hila, mnunuzi kuridhika,
Pato la hadaa dhila, baraka yake hutoka,
Na haki ina fadhila, watu wakaaminika.